Muulize Shangazi: Mwanangu, mwache chaja apumzike, twende bafuni

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi mno, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa sura tofauti: hivi haya mambo ya kutunza mazingira nyumbani yanaokoa hela kweli au ni ya kwenye mabango tu? Nimechagua chache. Wengine msininunie, nitawafikia.

Shangazi shikamoo. Mume wangu kila nikiacha chaja kwenye soketi ni ugomvi, eti mimi ndo namaliza umeme na naharibu mazingira. Juzi kaamka saa nane usiku akaenda sebuleni kuchomoa chaja tatu alafu akarudi kulala kama kaokoa dunia. Lakini huyohuyo akiingia bafuni anaoga maji ya moto mpaka kioo kinatoka jasho. Nani yuko sahihi? – Mke wa Bwana Chaja

Marahaba mwanangu. Nimecheka hapo kwenye saa nane usiku, mpe pole sana.

Ngoja tuhesabu maana ugomvi wa nyumbani ukikosa hesabu hauishi. Yuniti moja ya umeme ni wati 1000 zikitumika kwa saa moja nzima. Chaja ya simu ya siku hizi ikikaa kwenye soketi bila simu inakula kama robo ya wati, mara nyingi hata chini ya hapo, kwahiyo ikae hivyo mwaka mzima usiku na mchana itakula kama yuniti 2 tu. Mwaka mzima! Na kuichaji simu yenyewe mpaka ijae ni kidogo sana pia, yuniti moja inaweza kujaza simu kama mara 50 hivi.

Asa twende bafuni kwa bwana. Shawa ya kawaida inamwaga kama lita 10 kwa dakika, akikaa dakika 10 hizo ni lita 100, na kuyatoa maji lita 100 kwenye nyuzi 20 mpaka nyuzi 40 kunataka yuniti 2 na kitu. Yaani kuoga kwake kwa asubuhi moja kumeshaipita chaja iliyokaa tupu mwaka mzima, alafu kesho anaoga tena. Akipunguza tu ziwe dakika 5, kwa mwezi mnaokoa kama yuniti 35, na huyo ni mtu mmoja, hatujahesabu watoto.

Hii ndo siri ambayo watu wengi hawaambiwi: umeme unaliwa na JOTO. Chochote kinachopasha, kinachochemsha, kinachokausha, hapo ndo pesa inapotokea mlangoni. Heta, birika la umeme, oveni, pasi, draya ya nywele. Kiyoyozi na friji nazo ziko humohumo maana kazi yake ni kuhamisha joto. Vitu vya mwanga na vya kuongea, kama balbu za LED, redio na simu, ni watoto wadogo. Pasi ya wati 1000 ikila moto mfululizo nusu saa imetumia nusu yuniti, umeme ambao balbu ya LED ya wati 9 ingeutumia kuwaka kama saa 55. Kwahiyo ukitaka kubana, nyoosha nguo za wiki kwa mkupuo mmoja badala ya kuipasha pasi kila asubuhi kwa ajili ya shati moja, na zile nguo nyepesi ziache mwishoni uzinyooshe na joto lililobaki ukiwa umeshazima. Birika weka maji ya vikombe mnavyokunywa, siyo kulijaza mpaka shingoni alafu yanapoa yanachemshwa tena.

Ila nisimwonee sana mumeo maana kuna sehemu wazo lake liko sawa, kagonga tu mlango wa jirani. Vifaa vinavyozimwa kwa rimoti vinajifanya vimelala kumbe viko macho. King'amuzi cha tivii kinachokula wati 10 hata kikiwa kimezimwa kwa rimoti, kwa mwaka kinafika yuniti 87. Hicho ndo akichomoe saa nane usiku, tena nitampigia makofi.

Na kama bado anabisha, fanyeni hivi. Zimeni kila kitu, soma mita uandike, aingie kuoga kama kawaida yake, akitoka soma tena. Jioni chomeka chaja zote tatu tupu, soma mita, subirini muda uleule aliooga. Usiseme neno. Mwache asome mwenyewe.

Shangazi, bili ya maji imepanda miezi mitatu mfululizo na hatujaongeza mtu ndani ya nyumba. Fundi kaja kaangalia mabomba yote akasema hakuna linalovuja, kachukua hela yake kaenda. Nimewapiga marufuku watoto kuchezea maji lakini wapi. – Baba Ndoo

Baba Ndoo waachie watoto wacheze kwanza, nenda chooni.

Sikutanii. Koki ikivuja unaiona na unaisikia, usiku inagonga tap, tap, tap mpaka unaamka unaifunga na kitambaa. Tenki la choo likivuja halina kelele wala halina dimbwi sakafuni, maji yanateleza kimyakimya kwenye bakuli na kuondoka zao, hata fundi ukimwita atazunguka nyumba nzima akiangalia kuta na sakafu alafu atakwambia kila kitu kiko sawa. Mi mwenyewe limenikuta. Miezi kibao nawashuku wapangaji wenzangu kumbe mwizi namkalia kila asubuhi.

Kumkamata ni rahisi. Fungua mfuniko wa tenki, tia rangi ya chakula matone kadhaa au kitu chochote chenye rangi kali kisichoganda, usiflashi, toka nje, mwambie kila mtu asiingie kwa dakika kama 20. Ukirudi ukaona rangi imeshuka kwenye bakuli, jibu umepata. Kama rangi huna, subiri mpaka bakuli litulie, kausha ukuta wa nyuma wa bakuli kwa ndani, pale maji yanaposhukia, alafu bandika kipande cha tishu kavu. Kama baada ya muda kimelowa na hakuna aliyeflashi, basi kuna kamstari kembamba ka maji ambacho macho hayakioni. Mara nyingi mchawi ni ule mpira wa chini unaoziba tundu, unakuwa umekakamaa au umeota ukoko wa chumvi za maji, au lile boya limekaa juu sana maji yanafurika kwenye bomba la katikati. Vyote viwili ni vifaa vya bei ndogo na hata wewe mwenyewe unaweza kubadilisha, funga kwanza maji yanayoingia.

Alafu kabla ya kumwita fundi tena fanya jaribio la usiku, la mita. Kabla ya kulala soma namba mpaka zile tarakimu ndogo za mwisho, andika, kataza mtu yeyote kugusa maji, asubuhi kabla ya mtu kuamka soma tena. Namba zikiwa zimesogea kuna mahali panavuja, hamna mjadala. Sasa funga ile koki ndogo ya chooni urudie usiku unaofuata. Zikitulia, ni choo. Zikiendelea kusogea basi shida iko kwenye bomba lililofukiwa na hapo ndo fundi ana kazi ya kufanya.

Na koki inayodondosha usiidharau pia. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, hizo ni lita 20 na ushee. Tega ndoo usiku mmoja uone, utaenda kununua washa, ule mpira mdogo wa ndani ya koki, kabla hujapiga mswaki.

Mimi nimeamua kuishi maisha ya kijani kabisa. Nimenunua mifuko ya pamba 12, mitungi ya glasi ya jikoni, mirija ya chuma, miswaki ya mianzi na chupa za maji za familia nzima. Miezi 6 sasa, mbona hela siioni inabaki? – Dada Kijani

Dada yangu si umeshajijibu kwenye hiyo orodha?

Usinielewe vibaya, roho yako nzuri na mimi nilipita njia hiyohiyo. Nina begi jikoni, ndani yake kuna mabegi. Nilikuwa kila nikisahau mfuko nyumbani nanunua mwingine wa kitambaa, najipongeza eti sijatumia plastiki. Baadaye nikaja kusoma utafiti uliotolewa na mamlaka ya mazingira ya Uingereza mwaka 2011, waliokokotoa kwamba mfuko wa pamba unatakiwa utumike mara 131 ili madhara yake kwenye hali ya hewa yalingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu ukatupwa. Mara 131! Sababu ni kwamba pamba inalimwa, inanyweshwa, inatiwa mbolea, inasokotwa, inasafirishwa, yote hayo yameshatokea kabla hujaushika mkononi. Plastiki ina dhambi zake nyingine, inazagaa, haiozi, inaishia mitoni na baharini, kwahiyo sikwambii urudi huko. Nakwambia mifuko 12 ni mingi! Miwili inatosha, mmoja ukae ndani ya mkoba unaotoka nao kila siku siyo nyuma ya mlango, mingine 10 gawia ndugu.

Mitungi ya glasi nayo, dada, ile chupa iliyokuja na kitu ndani yake ukaimaliza, ukaiosha, ukailoweka ikatoa lebo, hiyo ndo mtungi wa kijani. Uliyolipia dukani ikiwa tupu ni mapambo. Sijakataa mapambo, nyumba inapendeza, ila tusiyaite akiba.

Ukitaka kujua kitu kitakurudishia hela au la, chukua bei yake gawanya kwa kile kitakachopungua kwenye matumizi yako kila mwezi. Jibu ndo idadi ya miezi ya kusubiri. Chupa ya maji kwa mtu aliyekuwa ananunua maji kila siku inajilipa haraka sana, hata mwezi haufiki. Mrija wa chuma kwa mtu ambaye hakuwahi kununua mirija hata siku moja ukigawanya kwa sifuri hesabu inakataa, hata kikokotoo kinaandika kosa.

Kwa hiyo vilivyoko ndani vitumie mpaka vichakae, na kwa miezi 6 ijayo kijani chako kiwe cha kutonunua.

Naomba kuuliza kwa kifupi, eti kuchanganya siki na magadi ya kuokea ndo sabuni bora ya asili ya kusafishia kila kitu? – Msafi

Ule mfoko unapendeza machoni lakini ni siki na magadi vinamalizana wenyewe kwa wenyewe, povu likitulia umebakiwa na maji yenye chumvichumvi. Vitumie kila kimoja kwa zamu yake. Siki peke yake inatoa ukoko mweupe kwenye birika na kwenye kichwa cha shawa, magadi peke yake yanasugua masizi na kupunguza harufu. Lakini sikiliza na hii usiifanyie mzaha: siki USICHANGANYE KABISA na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo au kusafishia choo, inatoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Na hiyo klorini usiikutanishe na chochote chenye amonia. Watu wanadhani kwa vile siki inaliwa basi haina neno.

Shangazi mimi nimebadilisha balbu zote nyumba nzima nikaweka LED maana niliambiwa bili itashuka nusu. Imeshuka kidogo sana. Nimetapeliwa? – Mwanga Hafifu

Hujatapeliwa kwenye balbu, umetapeliwa kwenye ahadi. LED ya wati 9 inatoa mwanga sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60, hiyo ni kweli tupu, na inadumu miaka wakati ile ya zamani ilikuwa na maisha ya saa kama 1000 tu. Lakini bili yako siyo mwanga peke yake. Kama mwanga ulikuwa kipande kidogo cha bili, hata ukifuta mwanga wote ukae gizani kitapungua kipande kidogo hichohicho. Rudi juu usome jibu la Mke wa Bwana Chaja.

Na niulize kaswali, tangu uweke LED umekuwa unazima taa kama zamani? Au zile za nje zinalala zinawaka kwa sababu "si LED hizo"? Mchumi mmoja Mwingereza, William Stanley Jevons, alishaliona hili mwaka 1865 kwenye makaa ya mawe: injini zilipoanza kutumia makaa kidogo kwa kazi ileile, watu hawakupunguza makaa, walizidisha injini. Na sisi ndo tulivyo. Mtu ananunua friji jipya linalobana umeme alafu la zamani analihamishia stoo linapoza chupa mbili za maji mwaka mzima.

Nikigusia friji, chukua karatasi ya kawaida, ibane kwenye mlango wa friji nusu ndani nusu nje, funga, alafu ivute. Ikitoka kama inateleza mpira umelegea, baridi inatoka na mota haipumzi. Zungusha mlango wote, juu, pembeni na hasa kona ya chini upande wa bawaba, pale ndo panapoanza. Kabla hujaubadilisha mpira uoshe na maji ya vuguvugu na sabuni, utashangaa uchafu tu ndo ulikuwa unauzuia kushika. Friji lisogeze kidogo ukutani lipumue, lisipakane na jiko, na usitie sufuria yenye mvuke. Nyuzi 3 mpaka 5 zinatosha, kuliweka namba ya mwisho kabisa kila kitu kigande siyo kulitumia vizuri.

Tunatupa chakula kingi mno, kila Jumamosi nikisafisha friji roho inaniuma. Nimejaribu kupanga menyu ya wiki nikachoka siku ya tatu. Kuna njia ya mvivu? – Mama Jumamosi

Ipo, na hauko peke yako. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani, siyo hotelini wala madukani. Kwa majumbani peke yake, ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Hicho chakula kilimwagiliwa, kikasafirishwa, ukakilipia, ukakipoza kwa umeme wako, alafu ukakibeba mwenyewe mpaka jalalani ambako kinaoza kinatoa methane, gesi inayoipasha dunia joto. Hakuna kitu kingine ndani ya nyumba unachokilipia mara zote hizo.

Njia ya mvivu ni rafu moja. Rafu ya usawa wa macho ndani ya friji iwe ya vinavyotaka kuharibika na viporo, basi, kipya chochote kisikae hapo. Mwenye njaa akifungua anakutana navyo kwanza. Vipya vinaingia nyuma vya zamani vinasogea mbele. Na usitumie mabakuli yasiyoonyesha ndani, kiporo kikijificha siku mbili kimeshakuwa mgeni, hakuna mtu atakifungua. Siku moja kwa wiki hampiki kitu kipya, mnamaliza rafu. Menyu yenyewe imejipanga.

Alafu soma vizuri tarehe za kwenye pakiti. Panapoandikwa "bora kabla ya" wanaongelea ladha, kama pakiti haijafunguliwa na harufu na rangi viko sawa mara nyingi bado kinalika. Panapoandikwa "tumia kabla ya" ni usalama huo, hapo usibishane nako.

Gari langu linakunywa mafuta balaa na kuliuza siwezi kwa sasa. Nifanye nini cha bure? – Dereva

Pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi, angalau mara moja kwa mwezi, tairi lililolegea linalazimisha injini kusukuma zaidi na linalika pembeni. Toa ile mizigo uliyoisahau kwenye buti na kile chuma cha kwenye paa kama hubebi kitu. Punguza spidi barabara kuu, upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo, ukiongeza spidi mara mbili hewa inakukataa mara nne. Ukisimama kumsubiri mtu zima injini, ikiunguruma zaidi ya sekunde 10 umeshatumia mafuta kuliko ya kuwasha upya. Na zile safari za karibu injini haijapata hata moto umeshafika, hizo ndo mbaya kuliko zote, tembea.

Shangazi, kazini wananiita bahili kwa sababu nabeba chupa yangu ya maji na chakula kutoka nyumbani, na taa nikitoka nazima. Nimeanza kuona aibu. – Bahili wa Ofisi

Aibu ya nini mwanangu, hao wanaokuita bahili mwezi ukifika katikati wanamkopa nani? Siyo wewe?

We endelea kuzima taa. Ila hiyo chupa yako nina neno nayo. Kwenye mfuniko kuna mpira wa duara, mwembamba, watu wengi hawajui kama unatoka. Uchokonoe na ncha ya kijiko leo jioni, uangalie kilichojificha chini yake, alafu uuoshe na maji ya moto na sabuni uuache ukauke kabla hujaurudisha.